Valérie Trierweiler: mwanahabari aliyeketi kwenye meza mbili

Zaidi ya miaka 10 imepita tangu Valérie Trierweiler atoke Élysée, ikulu ya Ufaransa. Waliofuata habari hizo kwa RFI au TV5, hata Kinshasa, Goma na Bukavu, wanakumbuka mambo matatu: rais aliyepigwa picha akienda kwa mwanamke mwingine kwa pikipiki, tangazo fupi la kuachana, na kitabu kilichotoka miezi michache baadaye. Hayo ndiyo yaliyouza magazeti.

Kuna swali jingine ambalo lilizungumzwa kidogo kuliko mapenzi. Mwandishi wa habari za siasa anapokuwa mwenzi wa mwanasiasa, ni nani anapaswa kuambiwa, na lini? Na kwa nini anayelipa bei ya uhusiano huo ni karibu siku zote mwanamke? Maisha ya Trierweiler yanaonyesha kwamba kosa kubwa lilianza mbali na Élysée, katika miaka ambayo watu wa chumba cha habari na wa chama walisikia jambo fulani na wasomaji hawakuambiwa kitu.

Kutoka Angers hadi Paris Match

Valérie Massonneau alizaliwa Februari 1965 katika muji wa Angers, magharibi mwa Ufaransa, mtoto wa 5 kati ya 6. Baba yake alikuwa amepoteza mguu akiwa bado kijana, kwa sababu ya kombora la vita ya pili ya dunia. Mama yake alifanya kazi ya mapokezi katika uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Haikuwa familia ya watu wakubwa wa Paris, na yeye mwenyewe amerudia jambo hilo mara nyingi.

Alisoma siasa kwenye Sorbonne, akaanza kazi kwenye gazeti lililofuata mambo ya siasa, kisha akaingia Paris Match mwishoni mwa miaka ya 1980. Gazeti hilo la kila juma linajulikana kwa picha za wafalme, wacheza sinema na wanasiasa. Kazi yake ilikuwa kufuata Chama cha Kisoshalisti. Ndiko alikojuana na François Hollande, mwanasiasa ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa chama hicho kwa miaka 11.

Wakati huo Hollande alikuwa akiishi na Ségolène Royal, naye mwanasiasa mkubwa wa chama hicho hicho, na walikuwa na watoto 4. Trierweiler mwenyewe alikuwa ameolewa na Denis Trierweiler, mhariri wa Paris Match na mtafsiri wa vitabu, ambaye alizaa naye watoto 3 wa kiume. Jina ambalo dunia inamjua nalo ni la mume huyo.

Miaka ya ukimya

Kwa maelezo yao wenyewe, uhusiano wa Hollande na Trierweiler ulianza mwaka 2005. Mwaka huo huo Trierweiler alianza pia kuhoji wanasiasa kwenye televisheni Direct 8. Mwaka 2007 Royal alisimama kama mgombea wa urais wa Wasoshalisti, na Hollande akiwa ndiye kiongozi wa chama. Royal alishindwa na Nicolas Sarkozy, na mwezi wa Juni mwaka huo yeye na Hollande wakatangaza kwamba wameachana. Ilipofika Oktoba 2010 ndipo Hollande alipomtaja Trierweiler kwenye gazeti Gala kama mwanamke wa maisha yake.

Kati ya 2005 na 2010 kuna miaka 5. Katika miaka hiyo, uvumi ulizunguka Paris. Wakubwa wa Paris Match waliuona uzito wa jambo hilo, na Trierweiler akatolewa kwenye habari za Chama cha Kisoshalisti, akapelekwa baadaye kwenye kurasa za utamaduni. Lakini msomaji wa kawaida, yule aliyenunua gazeti au kuwasha televisheni, hakuelezwa kwa nini. Alikuwa akimwona mwandishi anawauliza wanasiasa maswali bila kujua kwamba mwandishi huyo anaishi na mmoja wao.

Hapa ndipo tatizo la kazi lilipo. Hakuna sheria inayomkataza mwanahabari kupenda. Waandishi wa Ulaya wanafuata maazimio yaliyosainiwa Munich mwaka 1971, ambayo yanaweka haki ya watu kujua ukweli mbele ya mambo mengine yote na yanamkataza mwandishi kuchanganya kazi yake na propaganda. Kutokana na kanuni hizo, njia ilikuwa rahisi: kumjulisha mkubwa wa kazi mapema, kuacha habari zinazomhusu mwenzi, na msomaji kuambiwa. Hatua mbili za kwanza zilifanyika kwa kuchelewa au kwa nusu. Ile ya tatu haikufanyika mpaka mwanasiasa mwenyewe alipoona wakati umefika wa kusema.

Ufaransa ilikuwa na desturi ya muda mrefu ya ukimya kama huo. François Mitterrand alitawala tangu 1981, na waandishi wengi wa Paris walijua kwamba ana binti nje ya ndoa. Wananchi walikuja kumwona binti huyo, Mazarine, kwenye ukurasa wa mbele wa Paris Match mwezi wa Novemba 1994, miezi michache kabla ya muhula kwisha. Watetezi wa desturi hiyo waliiita heshima kwa maisha ya mtu binafsi. Kwa upande mwingine, ilifanya kundi dogo la watu wa meza moja kujua mambo ambayo taifa halijui.

Gazeti lake lamweka kwenye picha

Mambo yalimgeukia Trierweiler mwenyewe wakati wa kampeni ya 2012. Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, Paris Match ilimweka kwenye ukurasa wa mbele kama pambo la mgombea Hollande. Alikuwa bado mfanyakazi wa gazeti hilo, na hakuambiwa kabla. Alilalamika hadharani kwenye Twitter, akilishutumu gazeti lake kwa kuwadharau wanawake.

Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Mtu aliyefanya kazi ya kuandika kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amegeuzwa picha ya kusaidia kampeni ya mwanaume. Lakini pia yalionyesha kwamba mahali pake hapakuwa wazi tena. Alitaka kubaki mwandishi, huku gazeti lake likimhesabu tayari kama habari ya kuandikwa.

Hollande alichaguliwa tarehe 6 Mei 2012. Trierweiler aliingia Élysée bila kuwa bibi yake wa ndoa, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika jumba hilo. Akasema anabaki na kazi yake, sababu ana watoto 3 wa kulea na hataki kulishwa na serikali. Alirudi kuandika juu ya vitabu kwenye Paris Match, na moja ya makala zake za kwanza ilihusu Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani aliyeandika safu ya gazeti kwa miaka mingi. Ujumbe ulieleweka: kama Eleanor aliweza, kwa nini yeye asiweze?

Wakati huo huo alipewa ofisi Élysée na wafanyakazi 5. Serikali ilipojibu swali la mbunge, ilisema mishahara yao ilifika karibu euro 20 000 kwa mwezi. Sheria ya Ufaransa haikuwa na neno lolote juu ya mwenzi wa rais: hana cheo, hana mshahara, lakini ana ofisi na walinzi. Trierweiler alipokea mshahara kutoka gazeti linaloandika juu ya rais, na ofisi kutoka kwa rais anayeandikwa. Aliketi kwenye meza mbili, na watu wakaanza kuuliza anakula ya nani.

Ujumbe mmoja wa Twitter

Jibu lilikuja haraka kuliko alivyotegemea mtu yeyote. Mwezi wa Juni 2012 kulikuwa na uchaguzi wa wabunge. Katika La Rochelle, Ségolène Royal alikuwa akipambana na Olivier Falorni, Msoshalisti aliyekataa kumwachia nafasi na ambaye chama kilikuwa kimemkana. Hollande alimtolea Royal ujumbe wa kumuunga mkono. Tarehe 12 Juni, siku 5 kabla ya duru ya pili, Trierweiler aliandika kwenye Twitter maneno ya kumtia Falorni moyo.

Ufaransa nzima ilishangaa. Rais alikuwa upande mmoja, mwenzi wake upande mwingine, na aliyekuwa kati yao ni mama wa watoto wa rais. Waziri mkuu Jean-Marc Ayrault alilazimika kusema kwamba mwenzi wa rais anapaswa kukaa na busara mahali pake. Falorni alishinda kwa karibu asilimia 63. Alikuwa akiongoza katika hesabu za maoni hata kabla ya ujumbe huo, kwa hiyo ni vigumu kusema kwamba Trierweiler ndiye aliyemwangusha Royal. Alichoangusha ni picha ya rais aliyekuwa ameahidi kuwa mtu wa kawaida, asiyechanganya nyumba na serikali.

Swali gumu zaidi ni hili: ni nani aliyeandika ujumbe ule? Ni mwandishi wa siasa anayetoa maoni? Ni raia? Ni mwanamke mwenye wivu, kama magazeti mengi yalivyodai? Au ni mtu wa Élysée? Hakuna aliyeweza kujibu, hata yeye. Baadaye alikubali kwamba lilikuwa kosa. Mtu asipochagua mahali pa kusimama, kila neno lake linasomwa kwa maana nne.

Kuna sehemu ya miezi hiyo ambayo inawagusa wakaaji wa Kivu na ambayo haikuandikwa sana. Mwaka 2013 Trierweiler alitumia jina lake kusema juu ya wanawake wanaobakwa katika vita ya mashariki mwa RDC. Alikuwa pia balozi wa shirika la Danielle Mitterrand, France Libertés. Kwa kazi hiyo, kuwa na miguu pande mbili kulisaidia: alijua kuongea na waandishi, na milango ya wakubwa ilikuwa wazi. Lakini katika kumbukumbu ya watu, ujumbe mmoja wa Twitter ulifunika hayo yote.

Kutoka mlango wa nyuma, kurudi na kitabu

Tarehe 10 Januari 2014 gazeti Closer lilitoa picha za rais akienda kumwona mcheza sinema Julie Gayet, si mbali na Élysée. Trierweiler alilazwa hospitali kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Januari, Hollande aliita shirika la habari AFP na kutangaza, kwa sentensi moja ya maneno 18 ya Kifaransa, kwamba amemaliza maisha ya pamoja na Valérie Trierweiler. Ni yeye, rais, aliyemaliza. Mwenzake hakuwa na nafasi katika sentensi hiyo ila kama mtu aliyeachwa. Siku iliyofuata alipanda ndege kwenda India na shirika linalopambana na njaa, safari iliyokuwa imepangwa tangu mbele.

Septemba mwaka huo kitabu chake, Merci pour ce moment, kilitoka kwenye maktaba za kuuzia vitabu. Kilikuwa kimetayarishwa kwa siri, na sehemu zake zikatolewa kwanza na Paris Match, gazeti lake lile lile. Humo aliandika kwamba Hollande, kiongozi wa mrengo wa kushoto, akiwa faraghani huwaita maskini watu wasio na meno. Hollande alikana na kusema maneno hayo yalimuumiza. Wakati huo uchunguzi wa maoni ulimpa imani ya asilimia 13 tu ya Wafaransa. Kitabu kiliuza nakala zaidi ya nusu milioni, ingawa wauzaji wengine walikataa kukiweka dukani.

Watu waligawanyika. Upande mmoja walisema amesaliti siri za nyumba na kuiaibisha nchi. Upande mwingine walisema mwanamke aliyefukuzwa kwa sentensi moja ana haki ya kusimulia kwa kurasa 300 na zaidi. Kwa upande wa kazi ya habari, kuna jambo la tatu. Kama rais aliwadharau maskini kwa maneno, hiyo ni habari ambayo wananchi walihitaji kuijua. Mwandishi aliyeisikia aliitoa baada ya yeye mwenyewe kuumizwa, na kwa sababu hiyo wengi hawakujua kama waisome kama ushahidi au kama kisasi. Hata neno la kweli linapungua uzito likitoka kwa mtu ambaye kila mmoja anajua ana deni la kulipwa.

Aliendelea na kazi kwenye Paris Match, akaandika pia riwaya. Mwaka 2020, baada ya takriban miaka 30, gazeti hilo likamwachisha kazi. Hollande alifunga ndoa na Julie Gayet mwezi wa Juni 2022. Na baada ya Emmanuel Macron kuchaguliwa, zaidi ya watu 200 000 walitia sahihi kukataa mkewe apewe cheo rasmi. Élysée ikatoa, Agosti 2017, maandishi yanayoeleza kazi ya mwenzi wa rais na kwamba halipwi. Jambo hilo lingewekwa wazi mwaka 2012, sehemu ya matatizo ya Trierweiler ingepungua.

Wanawake wanatoka, wanaume wanabaki

Trierweiler hakuwa wa kwanza. Anne Sinclair alikuwa mtangazaji mkubwa wa TF1. Mwaka 1997, mumewe Dominique Strauss-Kahn alipokuwa waziri wa uchumi, aliacha kipindi chake cha Jumapili. Béatrice Schönberg aliacha kusoma habari kwenye France 2 mwaka 2007 kwa sababu ya mumewe, waziri Jean-Louis Borloo. Mwaka 2010, i-Télé ilisimamisha kipindi cha Audrey Pulvar baada ya mwenzi wake Arnaud Montebourg kutangaza kwamba anautaka urais. Christine Ockrent yeye alipanda: mwaka 2008 aliwekwa kwenye uongozi wa kampuni iliyosimamia RFI na France 24, wakati mwenzi wake Bernard Kouchner alikuwa waziri wa mambo ya nje. Wasikilizaji wa Afrika walikuwa na sababu nzuri ya kuuliza kama redio yao inabaki huru.

Katika visa hivyo vyote, aliyeulizwa kuhusu uaminifu wake ni mwanamke. Hakuna aliyemwambia Strauss-Kahn kwamba hawezi kuwa waziri sababu bibi yake anahoji wanasiasa. Na uhusiano wa wanaume na wakubwa hauitwi mapenzi, kwa hiyo hauonekani. Paris ina kilabu kinachoitwa Le Siècle, kilichoanzishwa 1944, ambako wanasiasa, wenye kampuni na wakubwa wa magazeti wanakula pamoja kila mwezi. Wanawake walianza kupokelewa humo mwaka 1983. Mwandishi anayekula na waziri kwa miaka 20 anaitwa mtu mwenye marafiki. Mwandishi anayeishi naye anaitwa aibu ya kazi.

Paris Match yenyewe inatoa mfano. Agosti 2005 mkurugenzi wake, Alain Genestar, alitoa picha za Cécilia Sarkozy na mwanaume mwingine, wakati mume wake Nicolas Sarkozy alikuwa waziri. Mwaka uliofuata Genestar alifukuzwa, na yeye mwenyewe alisema sababu ni hasira ya Sarkozy. Mwenye gazeti, Arnaud Lagardère, alikuwa amesema hadharani kwamba Sarkozy ni kama ndugu yake. Undugu huo ulikuwa na nguvu juu ya habari kuliko chochote alichoandika Trierweiler, lakini haukupewa kurasa nyingi kama pikipiki ya Hollande.

Swali linalofika hadi Kivu

Katika RDC jambo hili halina sura ya Élysée, lakini lipo. Linaitwa bahasha ya coupage baada ya mkutano na waandishi, nafasi ndani ya gari la gavana, redio inayomilikiwa na mbunge, au shemeji aliye kwenye kabineti ya waziri. Ni mara chache msikilizaji anaambiwa. Mwandishi asiyelipwa mshahara kwa miezi mingi anaketi kwenye meza ya mkubwa kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya mapenzi, na matokeo kwa habari ni yale yale.

Kuna pia kuvuka kwa wazi. Tina Salama aliyesikika kwenye Radio Okapi alikwenda kuwa msemaji wa Rais Félix Tshisekedi. Mtu anaweza kukubali au kukataa anayosema, lakini anajua anasema kwa niaba ya nani. Na mwaka ule ule wa 2014 ambao Trierweiler alijaza magazeti, mwandishi mwingine wa kike, Caddy Adzuba wa Bukavu, alipewa zawadi ya Prince of Asturias ya Uhispania kwa kazi yake juu ya wanawake waliobakwa. Jina lake lilijengwa kwa kuwa karibu na wale wasio na meza.

Mwanamke anayefanya kazi ya habari Kivu anajua jambo jingine katika hadithi hii. Akipata habari kubwa, kuna watakaouliza amelala na nani. Akipandishwa cheo, swali linarudi. Wenzake wa kiume hawaulizwi wamekunywa na nani. Ndiyo maana kanuni inayohitajika haiwezi kuwa ya wanawake peke yao: kila mwandishi, mwanaume au mwanamke, amwambie mhariri wake mapema ni undugu gani, urafiki gani na pesa gani zinamfunga na watu anaowaandika, aachie mwingine habari hizo, na mhariri awajulishe wasomaji inapobidi.

Trierweiler alishitakiwa na wengi kwa kupenda mwanasiasa, kwa kuandika ujumbe wa hasira, na kwa kutoa siri. Hukumu ya wasomaji ingeweza kuwa juu ya kitu kidogo zaidi na kizito zaidi: miaka 5 ambayo gazeti, chama na yeye mwenyewe walijua, na anayenunua gazeti hakujua.